Bastola ndogo za mfukoni: yanayosemwa Mwanza na ukweli wake

Mwanza ni mji wa fedha taslimu. Mnunuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, mfanyabiashara wa dhahabu anayeingia kutoka Geita, mwenye duka la jumla Makoroboi, wote hufunga hesabu jioni wakiwa na bunda mkononi, na baadhi yao wanamiliki bastola kwa leseni. Wengi wa wanaoanza kuulizia silaha wanataka kitu kimoja: bastola ndogo isiyojichora kwenye suruali. Hapo ndipo maneno yanapoanza, maana bastola ndogo zina hadithi nyingi kuliko kubwa, na wasimuliaji wengi hawajawahi kumaliza hata magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye mpini) mbili mfululizo kwa silaha wanayoisifia.

"Ndogo ndiyo rahisi kupiga, hata asiye na mazoezi ataiweza."

Ni kinyume kabisa. Risasi inaposukumwa mbele, silaha nayo husukumwa nyuma, na kinachomeza teke hilo ni uzito wa silaha yenyewe. Ruger LCP, mojawapo ya bastola hizi ndogo, iliyotoka mwaka 2008, ina uzito wa takriban gramu 270 ikiwa haina risasi. Haizidi sana simu yenye kava. Risasi yake ni ya kipimo cha .380, ile ile inayopigwa na Walther PPK ambayo uzito wake ni zaidi ya mara mbili. Mpini wa LCP huishia katikati ya kiganja, kidole kidogo kinabaki kuning'inia, na baada ya risasi chache mkono unaanza kuuma. Mtu akishaumia huanza kufumba macho kabla ya mlio, na hapo shabaha imekwisha.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi dukani. Triga ya Glock 42 huhitaji nguvu ya takriban kilo 2.5 ili ikatike, yaani ifyatue risasi, wakati bastola yenyewe ikiwa na magazini tupu haifiki gramu 400. Yaani kidole kinavuta kwa nguvu inayozidi uzito wa silaha zaidi ya mara sita. Kwa bastola ya chuma ya kilo moja yenye triga ile ile, ni mara mbili na nusu tu. Ndiyo maana kwenye bastola ndogo kidole kikivuta upande kidogo tu, mdomo wa mtutu unakwenda nacho. Tena kwa kuwa vilengeo vya mbele na nyuma viko karibu mno, jicho halioni kosa hilo mpaka uifuate karatasi ya shabaha na kukuta tundu liko pembeni.

Kwa mtu anayeanza, bastola ya ukubwa wa kati inafundisha vizuri zaidi. Ya mfukoni ni ya mtu aliyekwisha jua.

"Triga nyepesi ndiyo triga nzuri."

Dhana hii huzaliwa dukani. Mteja anapewa bastola tupu, anavuta mara moja, anatikisa kichwa: "Hii tamu, haina tabu." Kuvuta mara moja hakumwambii mtu mengi. Triga ina safari nzima: kwanza mwendo mtupu, kisha kidole kinagota kwenye ukuta, kisha inakatika, halafu inaanza kurudi mbele mpaka usikie "tik" inayokuambia iko tayari tena. Ukitaka kulinganisha bastola mbili, zilinganishe katika hatua zote hizo, na zaidi ya yote katika kule kurudi.

Chukua LCP ya kwanza. Triga yake ni ndefu, na lazima uiachie irudi mbele kabisa ndipo ifanye kazi tena. Mtu mwenye haraka huiachia nusu njia, anavuta, hakuna kinachotokea, kisha analaumu bastola. Mwaka 2016 ikaja LCP II yenye triga fupi na nyepesi zaidi, na wapigaji wengi waliifurahia. Uwanjani, nami naona ni bora. Mfukoni sina uhakika huo. Bastola hizo mbili hazina usalama wa kubonyeza kwa kidole gumba kama bastola za zamani; katika ile ya kwanza, urefu wa triga ndio ulikuwa kinga. Unapoufupisha, sehemu ya kinga unaihamishia kwenye ala na kwenye nidhamu ya kidole chako.

Triga nzito kidogo lakini nyororo, inayokwenda bila kukwaruza kutoka mwanzo hadi mwisho, hupiga vizuri kuliko nyepesi yenye mchanga ndani yake. Na triga yoyote ile, bastola ya mfukoni ikae ndani ya ala inayofunika triga, katika mfuko usio na funguo, sarafu wala kalamu. Wapo mafundi wanaojitolea "kulegeza" triga kwa kupiga msasa au kukata springi. Usikubali. Springi ya nyundo iliyokatwa hugonga risasi kinyonge, na risasi hugoma.

"Rivolva haigomi kamwe."

Wazee wanaipenda kauli hii, na wana sababu. Rivolva ndogo kama Smith & Wesson 642 haina magazini wala slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapopigwa; risasi ikigoma, unavuta tena na silinda, kile kibweta cha risasi kinachozunguka, inaleta nyingine. Haijali kama umeishika legelege. Ukiipiga ndani ya mfuko wa koti inaendelea, jambo ambalo bastola ya slaidi huenda isiliweze.

Lakini ina magonjwa yake, na ikigoma kweli, hugoma vibaya. Baruti isiyoungua vizuri ikiingia chini ya kile kinyota kinachotoa maganda, silinda haifungi sawasawa au haizunguki. Katika rivolva nyepesi sana, teke laweza kuvuta kichwa cha risasi kitoke kidogo kwenye ganda lake, kikajitokeza mbele na kuzuia silinda. Matatizo haya hayaishi kwa kugonga magazini na kuvuta slaidi, maana hakuna kimojawapo. Unahitaji meza na utulivu. Juu ya hayo, triga yake hufika kilo 5 na zaidi kwenye silaha ya gramu 400 na ushee, na risasi ni tano tu.

"Bastola iliyokwama ni mbovu."

Mara nyingi kosa liko kwenye mkono, magazini au risasi. Bastola ya slaidi hujiendesha kwa teke lake: slaidi inarudi nyuma, inatupa ganda, inarudi mbele na risasi mpya. Ili slaidi irudi mpaka mwisho, fremu, yaani mwili wa bastola wenye mpini, lazima ibaki mahali pake. Bastola kubwa inasaidiwa na uzito wake. Hii ndogo haina uzito, kwa hiyo kinachoishikilia ni kiwiko na kifundo cha mkono wako. Ukilegeza, fremu inasafiri pamoja na slaidi, na ganda linabaki limesimama mlangoni. Mpe bastola hiyo hiyo mtu mwenye mshiko thabiti, itamaliza magazini bila kusita.

Springi inayorudisha slaidi mbele nayo ina lake. Katika bastola fupi springi ni fupi, na inabanwa sana kila mara, hivyo huchoka mapema kuliko ya bastola kubwa. Mtu anayebadilisha oili ya pikipiki yake bila kukumbushwa anakaa na springi ile ile miaka na miaka.

Kuhusu risasi, zile zenye pua ya mviringo hupanda kwa urahisi chembani, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Zenye tundu kwenye pua hukwama katika baadhi ya bastola ndogo na kupita vizuri katika nyingine, kwa hiyo jaribu aina ile ile utakayobeba. Risasi ya .32 ina shida yake ya pekee: kitako chake kina ukingo unaojitokeza kidogo, na risasi fupi zikiteleza ndani ya magazini, ukingo wa juu waweza kushika nyuma ya ukingo wa chini. Hapo magazini inajifunga, na kuvuta slaidi hakusaidii.

Wengine husema "tisa ni tisa". Si kweli. Risasi ya .380, iliyoanza na Colt mwaka 1908, ni milimita 9 kwa unene lakini ganda lake lina urefu wa milimita 17. Ile tisa ya kawaida ni 19. Haziazimani.

"Hewa ya ziwa inaozesha silaha, kama pwani."

Ziwa Victoria ni maji baridi yasiyo na chumvi, kwa hiyo upepo unaopanda Capri Point haubebi chumvi kama ule wa Dar es Salaam au Tanga. Chumvi inayokula bastola ya mfukoni hapa Mwanza ni ya jasho lako mwenyewe. Mtu anapanda na kushuka vilima vya mawe tangu asubuhi, bastola imebanwa kiunoni au pajani, jioni anaifungia kabatini ndani ya ala ile ile ya ngozi iliyolowa. Ngozi hukaa na unyevu, na wakati wa masika haikauki upesi. Hata chuma kinachouzwa kwa jina la kutoshika kutu hupata madoa.

Ifute usiku, iache ikae nje ya ala ndani ya sefu iliyofungwa, ipake oili kidogo. Nasema kidogo. Wapo wanaoiogesha, kisha kiangazi vumbi na nyuzi za mfukoni zinaganda kwenye ile oili na kuwa uji ndani ya njia ya pini inayogonga risasi. Ukiona slaidi inarudi mbele kwa uvivu, anza kutafuta huko.

"Kuvuta triga bila risasi kunaivunja."

Kwa bastola nyingi za kisasa za .380 na 9, hapana. Ni njia nafuu ya kuizoea triga, na risasi zilivyo ghali ni ya lazima. Hakikisha chemba ni tupu kwa jicho na kwa kidole, na risasi ziwe chumba kingine. Bastola za .22 ni tofauti, kwa kuwa pini yake huweza kugonga ukingo wa chemba. Kitabu cha mtengenezaji kitakwambia.

"Nunua jina kubwa, usiulize zaidi."

Ruger iliziita tena kiwandani LCP za mwanzo mwaka ule ule wa 2008, kwa sababu ziliweza kufyatuka zikianguka zikiwa na risasi chembani. SIG P365 za mwanzo, mwaka 2018, zililalamikiwa kwa pini kuvunjika, kisha zikarekebishwa na leo ni miongoni mwa zinazoaminiwa zaidi. Kahr, mtengenezaji mwingine, huandika wazi katika kitabu chake kwamba bastola mpya ipigwe risasi 200 kwanza kabla ya kutegemewa. Kwa hiyo bastola ya mtumba yenye jina kubwa isikupumbaze: uliza imetengenezwa mwaka gani, kama ilirekebishwa, na springi ilibadilishwa lini. Kisha muulize muuzaji kama springi na magazini za akiba zinapatikana hapa nchini. Akianza kukuna kichwa, mwambie akuonyeshe nyingine.