"Lal Qila Inatosha": Dhana Potofu za Wanaokwenda India Kuona Uasi wa 1857

"Naomba utuwekee Lal Qila asubuhi, hapo tutakuwa tumemaliza mambo ya 1857, mchana twende Agra." Ombi hili huniingia kwenye simu kila msimu, liwe limetoka Dar, Mombasa au Lubumbashi. Siku hizi linatoka hata kwa ndugu wanaomsindikiza mgonjwa kwenye hospitali za Delhi, wana siku mbili za kusubiri majibu ya vipimo na hawataki kukaa hotelini. Nimelijibu kwa upole miaka mingi. Sasa nalijibu kwa maandishi, atakayelileta tena nimtumie haya. Lal Qila ni Ngome Nyekundu ya Delhi, na 1857 ni mwaka ambao askari wa Kihindi wa Kampuni ya Uhindi Mashariki, kampuni ya Waingereza iliyotawala India, waliwaasi mabwana zao. (Na Agra si ya mchana mmoja, ila hilo tuliache.)

Dhana: Ukiiona Lal Qila umeona vita vyote

Ngome yenyewe ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ila anayesimama Lango la Lahori akitafuta matundu ya mizinga atatafuta mpaka walinzi wafunge. Askari waasi wa Meerut, mji ulio kaskazini mashariki mwa Delhi, waliingia Delhi asubuhi ya 11 Mei 1857, wakamtaka mfalme Bahadur Shah Zafar, mzee wa miaka 81 aliyependa mashairi kuliko utawala, awe kichwa cha uasi wao. Damu ilimwagika ndani ya ngome, sikatai: siku tano baadaye mateka wa Kizungu wapatao 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa uani. Lakini mji wenyewe ulipiganiwa upande wa kaskazini. Waingereza walikaa juu ya Ridge, kile kilima kirefu cha mawe, tangu Juni hadi Septemba. Walisema wameuzingira mji, ila wao ndio waliozingirwa na jua na kipindupindu. Jenerali Anson alikufa kabla hajafika Delhi, Jenerali Barnard akamfuata Julai. Tarehe 14 Septemba ndipo walipolipua Lango la Kashmir kwa baruti, na bado iliwachukua karibu wiki nzima ya kupigana mtaa kwa mtaa.

Sasa ndani ya Lal Qila kuna nini cha 1857? Kipo, ila watu hukipa mgongo. Mgeni akishaingia hukimbilia marumaru ya Diwan-i-Khas, ukumbi wa mfalme, apige picha, akiyapita yale maghorofa mazito yasiyo na urembo wowote. Hapo ndipo ninapowasimamisha. Ni kambi za askari, Waingereza walizijenga baada ya kuvunja sehemu kubwa ya kasri la Mughal, ukoo wa kifalme wa Zafar. Zile nyasi tupu unazokanyaga ukijiuliza mbona ngome kubwa hivi ina majengo machache, palikuwa na nyumba za watu. Kambi mojawapo sasa ni makumbusho ya 1857, yalifunguliwa mwaka 2019, na wengi huyapita wakiuliza choo kiko wapi. Diwan-i-Khas nayo ndiyo ukumbi ambamo Zafar alishtakiwa kuanzia Januari 1858, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kisha akapelekwa uhamishoni Rangoon, Burma, alikofia mwaka 1862. Kaburi lake liko Yangon, ndiyo Rangoon ya leo, kwa hiyo msiniulize tena liko upande gani wa ngome. Na Jumatatu ngome hufungwa.

Ratiba yangu ya Delhi huanzia Ridge, karibu na chuo kikuu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijakomaa. Usibebe ndizi, nyani wa pale hawana adabu. Kuna kimnara cha duara kinaitwa Flagstaff Tower. Tarehe 11 Mei familia za Kizungu zilijazana humo zikikodolea macho barabara ya Meerut zikingoja msaada. Haukuja, na jioni walitawanyika gizani kukimbilia mji wa Karnal. Ukifuata kilima kuelekea kusini unafika Ajitgarh, mnara wa mawe mekundu wenye ncha kama wa kanisa, ambao Waingereza waliusimamisha mwaka 1863 kuwakumbuka wafu wao. Maandishi yake yanawaita wapiganaji wa upande wa pili maadui. Mwaka 1972, India ilipotimiza miaka 25 ya uhuru, serikali haikuubomoa. Iliubadilisha jina na kubandika bamba lake, linalosema kwamba hao wanaoitwa adui hapa ni watu walioinuka dhidi ya utawala wa kikoloni na kupigana kwa ushujaa kuikomboa nchi. Mimi hunyamaza pale, watu wasome vyote viwili wenyewe. Hakuna mwongozaji atakayelieleza jambo lile vizuri kuliko ukuta ule.

Kisha metro hadi Kashmere Gate. Lango lenyewe la tao mbili liko kwenye kelele za mabasi, na makovu ya mizinga yako wazi ukutani, huhitaji kuoneshwa. Mbele kidogo, katikati ya barabara ya Lothian, magari yakipita huku na huku, limebaki lango la ghala la silaha ambalo Waingereza tisa walililipua wenyewe siku ile ya kwanza lisianguke mikononi mwa waasi. Madereva wa bajaji hulizunguka kila siku bila kujua ni la nini. Alasiri ni Kaburi la Humayun, alikojisalimisha Zafar. Wanawe wawili na mjukuu mmoja walikamatwa hapohapo. Ofisa aitwaye Hodson aliwavua nguo njiani akawapiga risasi kwa mkono wake mwenyewe, karibu na lango ambalo leo huitwa Khooni Darwaza, yaani Lango la Damu. Hilo utaliona ukiwa kando ya barabara tu, inatosha. Lal Qila naiweka katikati ya yote haya, baada ya Lango la Kashmir, ukiwa tayari unajua unachokitazama.

Na hiyo ni Delhi peke yake. Uasi ule ulitapakaa bonde zima la Mto Ganga, na kama una usiku wa kuongeza usiupeleke Jaipur. Upeleke Lucknow, kiasi cha kilomita 500 mashariki, treni ya asubuhi inakufikisha mchana. Lala siku mbili. Ufalme wa Awadh, ambao Lucknow ulikuwa mji wake mkuu, Waingereza waliunyakua mwaka 1856, na askari wengi wa Jeshi la Bengal, lile jeshi la Kampuni lililoasi, walikuwa watoto wa vijiji vya Awadh. Aliyepokonywa mfalme na shamba mwaka mmoja ndiye aliyepewa bunduki mpya mwaka uliofuata.

Ukinilazimisha nichague mahali pamoja tu katika India yote pa kuonea 1857, ni Residency ya Lucknow. Ni makazi ya mwakilishi wa Kampuni ya Uhindi Mashariki, yaliyozingirwa tangu mwisho wa Juni hadi Novemba 1857, na hayajakarabatiwa kwa makusudi. Kuta hazina paa, zimetobolewa kila upande, matofali membamba yamemomonyoka pembezoni mwa kila tundu. Shuka kwenye vyumba vya chini ambako wanawake na watoto walijificha, kuna unyevu na joto hata leo. Sir Henry Lawrence, aliyeongoza ulinzi, alijeruhiwa na kombora tarehe 2 Julai akafa siku mbili baadaye. Kaburi lake limo humo, na maneno juu yake yanasema tu kwamba alijaribu kutimiza wajibu wake. Bendera ya Uingereza ilipepea pale usiku na mchana hadi 1947. Leo vijana wapenzi wamekaa kwenye nyasi wakinong'onezana, na mbuzi mmoja wawili hawakosekani. Nenda mapema, wao huja baada ya saa nne.

Mchana nenda Sikandar Bagh, bustani iliyozungushiwa ukuta ambamo askari waasi wapatao 2,000 waliuawa tarehe 16 Novemba. Kuna sanamu ya Uda Devi, mwanamke wa jamii ya Pasi ambaye inasimuliwa kwamba alipanda mti akiwa na bunduki na kuwaangusha askari mmoja mmoja. Kanpur, kilomita 80 hivi, unakwenda na kurudi. Huko roho zote mbili za vita hivi zinaonekana. Waingereza waliopewa ahadi ya kuondoka salama walishambuliwa kwenye ngazi za Satichaura, ukingoni mwa Mto Ganga, tarehe 27 Juni. Wanawake na watoto waliobaki waliuawa Julai katika nyumba ya Bibighar na kutupwa kisimani. Waingereza waliporudi waliwalazimisha waliowakamata walambe damu sakafuni kabla ya kuwanyonga, wengi wao wakiwa hawakuhusika. Kisima kikawekewa sanamu ya malaika na kujengewa bustani ambayo Mhindi wa kawaida hakuruhusiwa kuingia. Baada ya uhuru ile sanamu ya malaika ilihamishiwa kanisani, na bustani sasa ni Nana Rao Park, watoto wanacheza kriketi.

Dhana: Walikuwa Wahindi upande huu, Wazungu upande ule

Hii huwafanya wageni waulize mbele ya kila ukuta, "Hapa ni petu au pao?" Ndani ya Residency kulikuwa na askari na maofisa wa Kiingereza 855, na askari wa Kihindi 712 waliokaa nao na kufa nao. Juu ya Ridge, nyumba ya Hindu Rao iliyopigwa mizinga kuliko zote ilishikwa na Wagurkha, askari wenye asili ya Nepal. Waliolivamia Lango la Kashmir wengi walitoka Punjab na mipakani, na bamba lililowekwa pale lina majina ya Wahindi kando ya majina ya Waingereza. Kwenye orodha za Ajitgarh pia utaona safu ya Wazungu na safu ya wenyeji. Jeshi la Madras na la Bombay, majeshi mengine mawili ya Kampuni, kwa sehemu kubwa halikuasi kabisa, kwa hiyo mzee wangu uliyeniuliza tuanzie Mumbai, hapana. Anayejua askari wa Mjerumani walitoka wapi wakati wa Majimaji asishangae.

Jambo hili lina mkia wake uliofika hata kwetu. Baada ya 1857 Waingereza waliacha kuwaamini watu wa Awadh, wakaelemea kuajiri askari Punjab. Masingasinga waliokuja Afrika Mashariki na Uganda kama askari wa mkoloni miaka ya 1890 ni matunda ya uamuzi huo.

Dhana: Chanzo ni mafuta ya ng'ombe na nguruwe

Yalikuwa kiberiti, kuni zilishapangwa. Risasi za bunduki ya Enfield zilifungwa kwenye karatasi yenye mafuta ambayo askari alitakiwa kuing'ata, na uvumi ukaenea kwamba ni mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Lakini kulikuwa na kunyang'anywa falme, kodi za ardhi, na sheria ya 1856 iliyowataka askari wapya wakubali kupelekwa ng'ambo. Pale Meerut, Aprili 1857, askari 85 kati ya 90 walikataa risasi ambazo zilikuwa za aina ileile ya zamani waliyoizoea. Uaminifu ulikuwa umekwisha. Tarehe 9 Mei walivuliwa sare na kufungwa minyororo mbele ya wenzao, na kesho yake jioni mji uliwaka. Meerut ni safari ya kwenda na kurudi kutoka Delhi, nenda ukiwa na muda.

Dhana: Rani Lakshmibai alifia kwenye ngome ya Jhansi

Huyu ni malkia wa Jhansi aliyepigana na Waingereza. Alitoroka Jhansi Aprili 1858, akaenda Kalpi, akafa akipigana Gwalior mwezi Juni. Kaburi lake la kumbukumbu liko Phool Bagh, Gwalior, kilomita 100 hivi kutoka Jhansi. Kwenye ngome utaoneshwa mahali aliporuka na farasi huku amembeba mwanawe mgongoni. Tazama urefu wa ukuta, kisha amua mwenyewe.

Dhana: Wafungwa wa 1857 walifungwa kwenye gereza maarufu la Andaman

Wafungwa wa uasi walipelekwa visiwa vya Andaman, mbali baharini mashariki mwa India, tangu Machi 1858, ni kweli. Lile gereza la vyumba vya mtu mmoja mmoja lilianza kujengwa 1896 na kumalizika 1906. Wao walifyeka msitu na kufa kwa homa kwenye visiwa vidogo kama Ross na Viper. Ukiwatafuta, panda boti. Na kwa wanaoniuliza Gandhi alikuwa wapi wakati huo: alizaliwa 1869.

Dhana: Wakati mzuri wa kwenda ni tarehe 10 Mei, siku ya kumbukumbu

Mei Lucknow na Delhi hufika nyuzi 45. Niliwahi kuwa na kundi lililong'ang'ania tarehe hiyo, likaishia kuangalia Residency kupitia dirisha la gari lenye kiyoyozi. Desemba na Januari ukungu huchelewesha treni kwa saa nyingi. Njoo Oktoba, Novemba, Februari au Machi mwanzoni. Kata tiketi ya treni ya Lucknow mapema kuliko hoteli, maana hoteli utapata, viti vya treni huisha.