Anzime zenye kukata protini na kansere ya prostati: maswali na majibu

Ku WhatsApp kunapita odio inasema wataalamu wa Marekani walipata dawa ya kufunga "anzime" za kansere ya prostati (kile kiungo cha mwanaume chini ya kibofu cha mkojo), panya wakapona. Huku Katuba, mu Lubumbashi, kuko mutu anauzisha shiro ya ile dawa. Papa wangu anunue?

Hapana, asinunue, na ngoja nieleze juu ya nini. Anzime tunasema hapa ni protini yenye kazi ya kukata protini zingine, mwili wote uko nazo, ile nyama ulikula na bukari ni zenyewe njo zinaikatakata mu tumbo. Shida inaanza wakati uvimbe unazitumia. Seli za prostati zimezungukwa na utando mwembamba, sawa ukuta wa lupango, na kansere ikingali ndani ya ule ukuta inaweza kukaa miaka mingi bila kusumbua mutu, lakini ikipata anzime za kubomoa inatoka, inaingia mu damu, na hii ya prostati inapendaka sana kwenda ku mifupa.

Sasa walijuaje kama ni anzime njo zinabomoa?

Ku panya kweli, odio haikudanganya hapo. Panya yeye mwenyewe kwa kawaida hapati kansere ya prostati (imbwa ndiye anaipata, sawa sisi), kwa hiyo mu laboratware wanamubadilisha jeni mpaka aipate. Mu 2004, huko Seattle, walichukua panya wenye uvimbe wa prostati wenye hautembei, wakaongeza anzime moja inaitwa hepsini. Seli hazikuzaana mbio kuliko mbele, ila ule utando ukaharibika, na kansere ikafika ku maini, ku mapafu na ku mifupa. Mi naona ile njo jaribio yenye kufundisha zaidi.

Basi si wazifunge zote?

Walijaribu ku batu, miaka ya 1990, na vidonge sawa marimastati. Ku panya vilionekana muzuri, ku bagonjwa wa kansere mbalimbali havikusaidia vile walitumaini, na wengi wakaanza kuumwa viungo, mabega, mikono, juu zile anzime mwili unazihitaji pia kutengeneza nyama yenye kuchoka. Na si zote zinafanya kazi moja. Mu 2010 walichapisha jaribio ingine ya panya: wenye kukosa anzime moja inaitwa MMP-2 uvimbe ulipunguka na waliishi zaidi, wenye kukosa ingine inaitwa MMP-9 uvimbe haukupunguka, tena seli zao za kansere zilivamia zaidi pembeni ya mishipa ya damu. Ukifunga ovyo unaweza kufunga yenye ilikuwa inakusaidia. Sasa huyu wa shiro anafunga gani? Umuulize.

Na PSA ya mu egzame ya damu ni kitu gani?

Ni anzime ya kukata pia! Prostati inaitoa juu ya kulainisha mbegu za mwanaume kisha kutoka. (Panya hana PSA hata kidogo, ona sasa vile iko mbali na papa.) Kidogo inavuja mu damu, ile njo wanapima. Ikipanda haiseme moja kwa moja ni kansere: prostati kubwa ya uzee, enfeksio, kulala na bibi yake siku moja ao mbili mbele ya egzame, hata safari ndefu ya nkinga, vyote vinaweza kuipandisha. Na papa mwenye kunywa dawa ya finasteridi juu ya shida ya mkojo, PSA yake inashuka karibu nusu, lazima aambie dokteri, la sivyo wataisoma vibaya.

Papa aende kwa dokteri lini?

Kama baba yake ao ndugu yake alipata hii kansere, aanze kuongea na dokteri tangu miaka 40 ao 45, asingoje dalili juu mwanzoni mara mingi haziko. Mkojo wenye kukatakata, kuamuka usiku mara mingi, hiyo mara mingi ni prostati kubwa tu, lakini apimwe. Damu mu mkojo, ao mgongo unauma usiku na hauachi, aende wiki hii hii, na ile chupa ya shiro aibebe, dokteri aione.