Asidi ya damu ikipanda, dawa mwilini inakuwaje?

Nikishameza dawa, damu inaibebaje?

Damu ikiondolewa chembe zake hubaki maji ya njano hafifu yaitwayo plazma. Humo mna protini, na iliyo nyingi kuliko zote ni albumini, inayotengenezwa na ini. Dawa nyingi hujishikiza kwenye albumini. Dawa iliyoshikwa ni kama abiria aliye ndani ya daladala: yumo safarini, lakini hafanyi kazi yoyote mpaka ashuke. Inayotibu ni ile iliyoshuka, na inayodhuru ni hiyo hiyo. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hushikwa kwa takriban asilimia 99. Kazi yote hufanywa na asilimia moja iliyobaki.

Asidi inahusikaje?

Damu ya mtu mwenye afya huwa na pH (kipimo cha asidi) kati ya 7.35 na 7.45. Namba ikishuka, asidi imeongezeka. Kushuka kutoka 7.4 hadi 7.1 unaweza kukuona kudogo, kumbe chembe za hidrojeni, ambazo ndizo asidi yenyewe, zimeshakuwa maradufu. Chembe hizo huivamia albumini, zikabadili chaji yake na hata umbo lake, na pale dawa ilipokuwa imekaa hapashiki tena kama mwanzo.

Si kila dawa huathirika sawasawa. Mfano mzuri ni lidokeini, ile ganzi ya kung'olea jino. Damu ikiwa na asidi, protini huiachia zaidi. Ndiyo maana mtu aliyezidishiwa ganzi akaanza degedege, wahudumu hukimbilia kwanza pumzi yake. Asipopumua vizuri, hewa chafu hujaa, damu inapata asidi, ganzi iliyo huru inaongezeka, na degedege linazidi.

Basi niache ndimu ninapotumia dawa?

Hapana. Mapafu na figo hazikubali chakula kivuruge pH ya damu. Kinachoivuruga ni ugonjwa: kisukari kilichopanda kupita kiasi, figo kushindwa kazi, kuhara sana, malaria kali, kukosa hewa. Na hata hapo, kwa dawa nyingi za kumeza, ile iliyoachiwa huondolewa upesi na ini na figo, hivyo madhara si makubwa kama hesabu inavyotisha. Naomba sana, usipunguze wala usiache dawa kwa hofu hii.

Mwanangu ana siku nne na macho ni ya njano. Kwa nini daktari amekataa kumchoma seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, wakati kaka yake aliwahi kuchomwa akapona?

Daktari wako amefanya sawa kabisa. Rangi hiyo ya njano ni bilirubini, taka ya chembe nyekundu zilizovunjika. (Hii si homa ya manjano, huo ni ugonjwa mwingine.) Nayo husafiri kwa kushikwa na albumini. Ini la kichanga bado changa, haliwahi kuiondoa. Seftriaksoni hugombea kiti kile kile, ikaisukuma bilirubini nje. Kama mtoto ana maambukizi au alichelewa kulia alipozaliwa, damu yake huenda ina asidi, na asidi huirahisishia bilirubini kuingia kwenye ubongo. Ikishaingia inaweza kumwachia uziwi au mtindio wa ubongo, na haya hayarudi nyuma.

Somo hili lilipatikana kwa gharama kubwa. Mwaka 1956 huko Marekani, William Silverman na wenzake walitoa ripoti kuhusu watoto njiti waliopewa dawa ya salfa kuwakinga na maambukizi. Walikufa wengi kuliko wale waliopewa dawa nyingine, na ubongo wa wengi ulikutwa umeingiwa na manjano. Salfa ilikuwa imeing'oa bilirubini kwenye albumini.

Kwa kichanga mwenye maambukizi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanza na ampisilini pamoja na jentamaisini.

Nitamwangaliaje nyumbani?

Mpeleke karibu na dirisha, mchana. Bonyeza ncha ya pua au paji la uso kwa kidole, kisha achia: pakibaki njano, manjano yameshaanza. Mtazame pia fizi, viganja na nyayo. Njano ikifika viganjani au nyayoni, ikianza ndani ya saa 24 za kwanza, au mtoto akilegea na kukataa ziwa, usingoje jua la asubuhi. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na ueleze kila dawa aliyopewa.