Ngozi ya mwenye ualbino ikiungua na jua: huduma ya kwanza nyumbani

Mtoto mwenye ualbino anaporudi kutoka shuleni, ngozi yake inaweza kuonekana salama ilhali imeshaungua. Wekundu huanza kujitokeza saa 3 hadi 5 baada ya kukaa juani, na maumivu hufikia kilele kati ya saa 12 na 24. Kwa hiyo mzazi asisubiri wekundu. Pitisha mgongo wa mkono wako shingoni, kwenye masikio na mabegani mwake. Ukihisi joto, au mtoto akisema ngozi inabana, anza kumpoza hapohapo.

Cha kwanza ni maji ya baridi ya kawaida. Maji ya mtungi yanafaa sana. Ya bomba yaliyolala kwenye tanki juani huwa ya moto mchana, basi yaache yatiririke kwanza. Mwogeshe kwa dakika 10 hadi 15 bila sabuni yenye manukato wala dodoki. Mahali ambapo ni vigumu kumwagia maji, kama usoni, weka kitambaa cha pamba kilicholowekwa na kukamuliwa kidogo, ukiloweke upya kila kinapopata joto. Rudia mara kadhaa kwa siku. Barafu isiguse ngozi, kwa sababu hubana mishipa ya damu na kuzidisha jeraha.

Usimfute kwa kusugua. Mguse kwa taulo laini, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu mpake losheni nyepesi isiyo na manukato, au kalamini, ile dawa ya majimaji ya kutuliza muwasho wa ngozi. Mafuta ya mgando ni mazuri siku za baadaye ngozi inapoanza kubanduka, lakini saa za mwanzo huzuia joto kutoka.

Shubiri nayo inasaidia kutuliza, ila wengi huikosea. Ukikata jani, hutoka utomvu wa manjano, na huo ndio unaowasha. Simamisha jani kwa dakika kama 15, sehemu iliyokatwa ikiwa chini, utomvu uchuruzike. Kisha lioshe, menya ganda, na utumie ule ute mweupe wa ndani peke yake. Jaribu kwanza mahali padogo penye ngozi nzima, na usipake kwenye kidonda kilicho wazi.

Dawa ya meno, mafuta ya kupikia, yai na majivu visipakwe kabisa. Limau ni baya zaidi: maji yake yakibaki kwenye ngozi halafu jua likapiga, ngozi huungua upya na kutoka malengelenge.

Kwa maumivu, mtoto apewe parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 20 hupata miligramu 300. Kama dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5, hizo ni mililita 12.5. Soma chupa kwanza, maana nguvu zake hutofautiana. Aspirini asipewe mtoto. Tunaonya pia kuhusu krimu kali zenye klobetasoli, zile zinazouzwa kiholela kwa ajili ya kung'arisha ngozi. Hukausha wekundu haraka, lakini huiacha ngozi nyembamba, na ngozi ya mwenye ualbino tayari haina kinga ya kutosha.

Malengelenge usiyatumbue, kwani maji yaliyomo na ngozi iliyoyafunika hulinda jeraha lisiingiwe na vijidudu. Likipasuka lenyewe, osha kwa maji safi na sabuni ya kawaida, kisha funika kwa shashi isiyonata. Anywe maji mara kwa mara.

Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, akitapika, akipata kizunguzungu, malengelenge yakitanda usoni au sehemu kubwa ya mwili, au usaha ukianza kutoka. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asitibiwe nyumbani.

Hadi ngozi ipone, kwa kawaida ndani ya wiki moja, asitoke juani hata kidogo. Hili ndilo linalopuuzwa zaidi. Ngozi yake ina melanini, yaani rangi ya asili inayoikinga na jua, kidogo sana au haina kabisa, hivyo kila kuungua huongeza madhara juu ya yale ya zamani, na ndipo saratani ya ngozi inapoanzia, wakati mwingine katika umri mdogo sana. Mwalimu aombwe amruhusu kubaki darasani wakati wa mstarini na michezo. Akipona, avae kofia yenye ukingo mpana na mikono mirefu, na apakwe losheni ya kukinga jua kila baada ya saa 2. Hospitali ya KCMC, Moshi, hutengeneza ya Kilisun mahususi kwa watu wenye ualbino.

Chunguza masikio, mdomo wa chini na shingo yake kila mwezi. Gamba gumu linalorudi kila likibanduka, au kidonda kisichofunga kwa wiki 4, kionwe kliniki ya ngozi. Likiwahiwa, gamba la aina hiyo huondolewa kwa kugandishwa na naitrojeni ya baridi kali, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.