Jinsi Bunge la Marekani linavyosimamia uuzaji wa makombora kwa nchi rafiki

Habari ya Marekani "kuidhinisha" kuiuzia nchi rafiki makombora husomwa kana kwamba mzigo tayari uko bandarini. Mara nyingi kilichofanyika siku hiyo ni kimoja tu: serikali imelipelekea Bunge taarifa rasmi kwamba inakusudia kuuza. Mkataba haujatiwa saini, kiasi cha fedha kilichotajwa ni makadirio ya juu, na siku za Bunge kutafakari ndiyo kwanza zimeanza kuhesabiwa.

Silaha nyingi nzito za Marekani hazitoki kiwandani kwenda moja kwa moja kwa mnunuzi wa nje. Serikali yenyewe husimama katikati, ikanunua kiwandani na kuiuzia serikali nyenzake. Sheria ya mwaka 1976 ya udhibiti wa uuzaji wa silaha nje inamtaka rais alijulishe Bunge kila mauzo hayo yanapovuka kiwango fulani. Kwa silaha kubwa, kiwango hicho kwa miaka mingi kimekuwa dola milioni 14, na Bunge hupewa siku 30. Nchi za NATO, pamoja na Japani, Korea Kusini, Australia, New Zealand na Israel, zimewekewa utaratibu mwepesi zaidi wa siku 15 na kiwango cha dola milioni 25. Kenya ilipotangazwa mwaka 2024 kuwa mshirika mkuu wa Marekani aliye nje ya NATO, wengi walidhani imeingia kundi hilo. Cheo hicho kina manufaa yake, lakini hakiifikishi nchi kwenye orodha ya siku 15.

Sasa shika jambo moja, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Siku zikiisha Bunge likiwa kimya, uuzaji unaendelea. Sheria haimtaki rais aombe kibali; inamtaka atoe taarifa. Anayetaka kuzuia ndiye anayebeba mzigo wa kukusanya kura.

Mwanzoni mzigo huo haukuwa mzito kiasi hicho. Mwaka 1974, wakati silaha zinazouzwa nchi za Ghuba zikiongezeka kwa kasi, Seneta Gaylord Nelson na Jonathan Bingham wa Baraza la Wawakilishi walifanikiwa kuingiza kifungu kilicholipa Bunge uwezo wa kukataa. Mabaraza yote mawili ya Bunge, yaani Seneti na Baraza la Wawakilishi, yakipitisha azimio la kupinga, basi, uuzaji umekufa. Azimio hilo halikupelekwa kwa rais. Mwaka 1981 uwezo huo ulikaribia kutumika, Rais Ronald Reagan alipotaka kuiuzia Saudi Arabia ndege za rada za AWACS pamoja na makombora ya Sidewinder. Baraza la Wawakilishi lilikataa kwa kura 301 dhidi ya 111. Seneti ikamwokoa Reagan kwa kura 52 dhidi ya 48.

Kilichobadilisha mambo hakikuhusu silaha hata kidogo. Jagdish Rai Chadha alizaliwa Kenya, akaenda kusoma Marekani akiwa na pasipoti ya Uingereza, na viza yake ya uanafunzi ikaisha mwaka 1972. Jaji wa uhamiaji alikubali asifukuzwe, lakini Baraza la Wawakilishi likatumia uwezo wake wa wakati huo na kuufuta uamuzi huo. Chadha akaenda mahakamani. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa majaji 7 dhidi ya 2 kwamba Bunge haliwezi kutengua uamuzi wa serikali kwa azimio lisilopitia mikononi mwa rais. Chadha akabaki Marekani. Kwa pigo hilohilo, kifungu cha silaha nacho kikapoteza meno, kwa sababu kilisimama juu ya msingi uleule.

Mapema mwaka 1986 Bunge likarekebisha sheria ili iendane na hukumu. Tangu hapo azimio la kupinga ni lazima lipelekwe kwa rais, yaani kwa mtu yuleyule anayetaka kuuza. Akilikataa kwa kura ya turufu, linahitaji theluthi mbili ya kura katika kila baraza ili lipite bila yeye.

Mtihani wa kwanza ulikuja mwaka huohuo, na mimi naona ndio mfano bora wa dhana hii yote. Reagan alitaka kuiuzia Saudi Arabia makombora ya thamani ya dola milioni 354: Sidewinder ya kurushwa na ndege za kivita, Harpoon ya kupiga meli, na Stinger ambayo mtu mmoja anaweza kuirusha akiwa ameibeba begani. Wabunge walihofia usalama wa Israel. Stinger iliwatia wasiwasi zaidi, kwa kuwa silaha inayobebeka hivyo ikiibwa inaweza kuangusha ndege ya abiria popote duniani. Seneti ilipinga kwa kura 73 dhidi ya 22, Wawakilishi kwa 356 dhidi ya 62. Chini ya kifungu cha 1974, shauri lingekuwa limekwisha. Reagan aliondoa Stinger, akapunguza mauzo hadi dola milioni 265, kisha akapiga kura ya turufu. Tarehe 5 Juni Seneti ilijaribu kuipindua ikapata kura 66. Zilihitajika 67.

Kwa hiyo Bunge lilishindwa? Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini Stinger zilitolewa kwenye mauzo yale, na aliyezitoa ni rais mwenyewe ili apate kura za kumnusuru. Ukitazama kura peke yake hutaona kitu, kwa sababu hakuna uuzaji hata mmoja uliowahi kuzuiwa kwa azimio la kupinga. Kazi kubwa hufanyika kabla ya taarifa rasmi. Kwa desturi, Wizara ya Mambo ya Nje huwaonyesha kwanza faraghani mauzo yanayokusudiwa wenyeviti wa kamati za mambo ya nje za mabaraza yote mawili, pamoja na viongozi wa chama cha wachache katika kamati hizo. Mmoja wao akiweka zuio, taarifa hucheleweshwa mpaka maswali yake yajibiwe: silaha itatumika wapi, nani atailinda, raia watakingwaje. Mwaka 2018 Seneta Bob Menendez alizuia kwa njia hiyo mabomu ya kulenga shabaha yaliyokuwa yaende Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, kwa ajili ya raia waliokuwa wakiuawa Yemen.

Udhaifu wa zuio ni kwamba ni desturi tu, na sheria ina mlango mwingine unaoitwa dharura: rais akiitangaza, uuzaji hausubiri siku za Bunge. Reagan aliutumia mwaka 1984 kuipelekea Saudi Arabia Stinger 400. Mei 2019 serikali ya Donald Trump iliutumia, ikitaja tishio la Iran, kupitisha mauzo 22 ya dola bilioni 8.1 kwa Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Jordan, yakiwemo mabomu aliyoyazuia Menendez. Bunge lilipitisha maazimio matatu ya kupinga, Trump akayakataa yote, na Seneti haikufikisha theluthi mbili.

Naamini kimya hakipaswi kuhesabiwa kuwa ridhaa pale mauaji ya watu yanapowezekana. Mwaka 2021 maseneta Chris Murphy, Mike Lee na Bernie Sanders, watu wasiokubaliana katika mengi, waliwasilisha muswada wa kuugeuza utaratibu huu: mauzo makubwa ya silaha yasiendelee mpaka mabaraza yote mawili yapige kura ya kuyakubali. Muswada haukupita.