Kitabu hakikuanza na Gutenberg

Kila ikifika tarehe 23 Aprili, ile Siku ya Vitabu Duniani ambayo UNESCO waliitangaza 1995, lazima nikutane na mtu kaandika kwamba Gutenberg, yule mchapaji Mjerumani, ndo alivumbua kitabu. Hapana jamani. Kitabu ni kurasa zilizofungwa pamoja upande mmoja, basi, iwe kimeandikwa kwa mkono au kimechapwa.

Neno lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu, kitab, na mzizi wake ni kuandika, ndugu zake ni katibu na maktaba, kuchapa hakumo kabisa. (Ile ki ni ya mzizi, ila masikio yetu yaliisikia kama ki ya kiti, ndo tukapata vitabu.) Zamani tulisema pia chuo. Soma Luka 4:17, Yesu anapewa chuo cha nabii Isaya, na hapo sio shule, ni maandishi, tena ya kwenye gombo.

Sasa gombo ndo watu wanaliruka. Ni mafunjo au ngozi ndefu iliyoviringishwa, unaishika kwa mikono miwili, huku unakunjua huku unakunja, ukitaka kitu cha mwishoni inabidi upite kote. Warumi walikuwa pia na vibao vya mbao vya kuandikia vilivyofungwa pamoja, wakaviita codex, neno lililotokana na gogo la mti, halafu badala ya mbao wakaanza kukunja ngozi na mafunjo, na karne ya 1 tayari mshairi Martial anawaambia wasomaji kwamba kitabu chake cha ngozi kinashikika kwa mkono mmoja. Chukua kitabu chochote kilichoshonwa, kichungulie mgongoni kwa juu, utaona mafungu ya karatasi zilizokunjwa katikati. Ni umbo lile lile.

Gutenberg yuko Mainz, Ujerumani, miaka ya 1450, zaidi ya miaka 1,300 baadaye. Na kuchapa nako ni kitu kingine kabisa, maana China walichapa Sutra ya Almasi, andiko la Kibudha, mwaka 868, kwa vibao vya mbao, na bado ni gombo.

Kwa hiyo Aprili ijayo andika tu kwamba Gutenberg aliwaletea Ulaya kuchapa kwa herufi za metali zinazopangwa na kupangwa upya. Ni kazi kubwa mno, na hiyo ni yake kweli.