Je, wajua kwa nini mita 30 za Ziwa Victoria si sawa na mita 30 za Zanzibar?

Mzamiaji aliyezoea Bahari ya Hindi akifika Mwanza huliangalia ziwa kwa dharau kidogo. Halina chumvi wala papa, na hata penye kina kirefu kabisa halizidi sana mita 80. Mbele ya Tanganyika, linaloshuka karibu mita 1,470, Victoria ni sinia. Lakini akizama mita 30 hapa, inabidi apige hesabu za kupanda kana kwamba alizama mita 33 baharini. Hizo mita 3 zimetoka wapi?

Zimetoka juu ya maji, si chini. Uso wa ziwa uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa iliyotufunika hapa Mwanza ni nyepesi: mgandamizo wake ni kama asilimia 88 tu ya ule wa Dar es Salaam. Anayebisha anunue pakiti ya krispi iliyofungwa Dar, aiangalie ikishafika Kirumba. Imetuna.

Mzamiaji anapumua hewa ya kawaida kutoka kwenye mtungi, na asilimia 78 ya hewa hiyo ni nitrojeni, ambayo mwili hauna kazi nayo. Kadiri anavyoshuka ndivyo mgandamizo unavyoongezeka na nitrojeni nyingi zaidi inavyoyeyuka ndani ya damu na mafuta ya mwili. Akiwa kule chini haimuumizi. Kasheshe ni kupanda. Mgandamizo ukipungua haraka, nitrojeni hutoka ikiwa mapovu, na mapovu hayo huziba mishipa midogo, huumiza magoti na mabega, na yakiingia uti wa mgongo mtu anaweza kupooza.

Kinachoamua ni uwiano kati ya mgandamizo wa alikotoka na wa anakoibukia. Zanzibar, kutoka mita 30 hadi juu, mgandamizo hupungua mara 4. Mwanza hupungua kama mara 4.3, sawa na kupanda kutoka mita 33 za baharini, maana anaibukia kwenye hewa nyepesi. Tena kipimakina cha mshale kilichopangwa kwa ajili ya bahari humpotosha: kwenye mita 30 za ziwa mshale hugota kwenye 28 hivi. Kifaa kinasema 28, kamba iliyopimwa inasema 30, mwili unahesabu 33. Kompyuta nyingi za kisasa za kuzamia hujirekebisha zenyewe, lakini si kila mtu anayo.

Kama hatari ndiyo hiyo, watu wanafuata nini huko chini? Wanafuata meli zilizozama, kuta za matumbawe, na ile hali ya mwili kuelea bila uzito wakati kelele zote za dunia zimebaki juu. Halafu kuna jambo lisilosemwa sana: kina kinalevya. Kuanzia kama mita 30, nitrojeni ileile huanza kuchezea ubongo. Mtu anajisikia raha, anajiamini kupita kiasi, anasoma kipimo cha hewa na namba haziingii akilini. Mwaka 1947 Maurice Fargues, mwenzake Jacques Cousteau, yule mzamiaji na mtengeneza filamu za baharini, alishuka kwa hewa ya kawaida huko Ufaransa. Kibao chenye sahihi yake kilikutwa kwenye mita 120, ila yeye alivutwa juu akiwa hajitambui, na hawakuweza kumwokoa. Hiyo ni sababu mojawapo ya ukomo wa uzamiaji wa burudani kuwekwa mita 40, na wengi wanaopita hapo hupunguza nitrojeni kwa kuchanganya gesi ya heli.

Ajabu ni kwamba ziwani ulevi huo huchelewa kidogo, kwa kuwa mgandamizo kamili wa mita 30 ni mdogo kuliko wa baharini. Kwa hiyo mzamiaji anaweza kuwa na akili timamu huku hatari ya nitrojeni wakati wa kupanda ni kubwa zaidi. Mimi naona huo ndio mtego wenyewe.

Na kwa kweli hapa kwetu wanaoshuka sana si watalii. Maji ni ya kijani, yamejaa mwani, na mita chache tu chini mwanga umekwisha. Wanaoshuka ni waokoaji. MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, kwenye kina cha kiasi cha mita 25, walikuja mpaka wazamiaji kutoka Afrika Kusini. Kwa hesabu ya mwinuko, hizo mita 25 ni karibu 28 za baharini, tena gizani, ndani ya meli iliyopinduka.

Dawa ya nitrojeni ni kupanda taratibu, tena kwa vituo, yaani kusimama njiani ili itoke polepole. Mmisri Ahmed Gabr, ambaye Guinness walitambua rekodi yake ya kuzama kwa mitungi hadi mita 332.35 mwaka 2014, alishuka kwa takribani robo saa tu. Kupanda kulimchukua zaidi ya saa 13.

Hata ukishatoka majini hujamaliza. Ndani ya ndege hewa huwa kama ya mlimani, mwinuko wa hadi mita 2,400, kwa hiyo ushauri ni kusubiri muda usiopungua saa 12 baada ya mzamo mmoja, na 18 baada ya mizamo kadhaa, kabla ya kupanda ndege ya kwenda Dar. Ukidhani basi ndilo suluhisho, kumbuka kwamba linapita Singida, na Singida iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari.